Jumapili Feri, kumkumbuka mzee wetu

Habari za jioni wapendwa, poleni tena na msiba. Jumapili tunamkumbuka mzee wetu kwa kitu alichokipenda, kupiga picha alfajiri pale Feri boti zikirudi na samaki, tukutane getini saa 12 kamili asubuhi, chonde msichelewe, yeye alikuwa anafika kabla yetu sote na betri za ziada za kutuazima na hakuwahi kudai hata mia.

1. Mchango 10,000 kila mtu, mwisho Ijumaa, tunasafisha picha zake tumpelekee mama nyumbani
2. Tuma picha moja aliyokufundisha kupiga
3. Mwenye gari aseme

Mimi kamera alinishikisha yeye, bado siamini jamani. Unayekuja andika NAKUJA leo kabla ya saa 3 usiku.