Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama cha waendesha baiskeli, Lubumbashi, mwaka 2025

Baba zangu, mama zangu, vijana wetu, jambo kwenu wote.

Nawashukuru mliofika. Tuko 14 humu ndani, na viti nilivyokodi ni 60. Mwenye viti atadai pesa ya vyote 60, kwa hiyo atakayechoka kunisikiliza ana ruhusa ya kujinyoosha kwenye vitatu.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Jumamosi tulizotoka ni 38. Tarehe 30 Juni tulipita Kamalondo na bendera. Vilio vitatu tulihudhuria na kuchangia. Kinga mbili ziliibwa, moja ikapatikana. (Nasema kinga, yaani baiskeli, wenzetu waliotoka Bukavu na Kalemie bado neno hili linawachekesha, watazoea.) Watoto tuliowafundisha kuendesha ni wengi, katibu ana orodha.

Nije kwenye jambo lililowaleta wengi wenu kati ya hawa wachache: uamuzi wa Julai wa kuacha barabara za lami na kuendesha kwenye njia za vumbi.

Inasemwa kwamba niliamua peke yangu. Si kweli kabisa. Nilimpigia katibu simu, na mweka hazina aliarifiwa siku ileile, ingawa baadaye kidogo. Mkutano mkuu sikuuitisha kwa sababu nilikwisha kuuitisha mara mbili, Aprili na Mei, na mara zote mbili hatukufika hata robo. Sasa wale ambao hawakuja kuulizwa ndio wanaouliza kwa nini hawakuulizwa.

Chanzo mnakijua. Ilikuwa Machi, barabara ya Kasumbalesa, ambako shaba yetu hushuka kwenda Zambia lori nyuma ya lori. Tulikuwa tisa kwenye mstari mmoja, mimi wa tatu. Lori moja lilikuwa linatupita, la pili likataka kulipita la kwanza, na kioo cha pembeni kikamgusa mwenzetu begani. Hakikumgonga. Kilimgusa tu, kama mtu anayekuita kwa nyuma. Akaenda mtaroni, bega likatoka mahali pake. Nilipoinua kinga yake, usukani ulikuwa umegeuka unatazama nyuma, na chupa ya maji ilikuwa bado kwenye kishikio chake, haijamwagika hata tone. Dereva hakusimama. Pengine hakujua. Mimi najua, na baada ya siku ile kila Jumamosi nilikuwa nahesabu watu wakati wa kurudi.

Juni nikaenda Ubelgiji. Hapa nataka niseme polepole ili mwandishi wa kumbukumbu aandike vizuri: tiketi ilinunuliwa na binti yangu anayeishi La Louvière. Hakuna senti ya chama iliyopanda ndege. Binti yangu yuko tayari kutuma risiti, na amekasirika.

Huko nilikopeshwa kinga nikapita kando ya mfereji wao unaoitwa Canal du Centre. Ni mfereji wa meli, si wa kumwagilia. Zamani mashua zilivutwa kwa kamba na farasi, au na watu wenyewe, wakitembea ukingoni, na ile njia ya kuvutia mashua ndiyo leo wamewaachia wenye kinga na waenda kwa miguu. Magari hayaruhusiwi. Mtandao mzima wa njia hizo za Wallonia, upande wa kusini wa Ubelgiji, wanauita RAVeL, waliuanza mwaka 1995, na sehemu nyingine ni njia za reli zilizokufa. Raha yake ni kwamba maji hayapandi mlima, basi na njia inayoyafuata haipandi. Unakanyaga saa nzima bila kutoka jasho. Panapobidi maji yabadilishe kimo, pana lifti za kuinua mashua: nne za zamani zinainua kama mita 66 katika kilomita 7 hivi, na ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1888 na mfalme Leopold wa Pili, yuleyule aliyetutawala sisi Kongo. Baadaye wakajenga moja kubwa pale Strépy-Thieu, inayofanya kazi tangu 2002, inainua meli mita 73 kwa mara moja. Nilisimama chini yake na kinga yangu ya kuazima nikawakumbuka, ingawa haiaminiki.

Kuna aliyesema mwenyekiti amerudi na ndoto za Ulaya, kwamba Lubumbashi haina mifereji. Baba, sikusema tuchimbe mfereji. Nilisema tutafute njia isiyo na magari, na hizo tunazo nyingi kuliko wao. Ni mimi niliyekaa jioni nne na simu nikichora ile ya kwenda upande wa Kafubu, na ni mimi niliyeipita mara ya kwanza, peke yangu, na nikapotea. Mnaingia kwenye vumbi jekundu, vichuguu vinavyozidi nyumba kwa urefu huku na huku, miti ya miombo, halafu bondeni mnaukuta mfereji mdogo wa wakulima wa mboga, upana wa hatua moja, na kijia kando yake kinachopita katikati ya lengalenga, yaani mchicha, na vitunguu. Mama mmoja wa pale alituambia tupite, lakini tusikanyage ukingo, maana ukibomoka maji hayafiki kwa jirani. Tangu siku hiyo pale tunashuka na kusukuma. Wengine wameona hilo nalo ni aibu, mwana baiskeli kusukuma baiskeli.

Sasa matairi. Ndiyo, nilichukua dola 480 za chama nikanunua jozi 12 za matairi mapana, milimita 40, yaliyoletwa kutoka Afrika Kusini. Kwenye changarawe tairi jembamba unalijaza mpaka liwe jiwe, na jiwe juu ya jiwe mnajua linavyofanya mgongo. Pana unalipunguzia upepo, linameza mawe, halizami kwenye mchanga. Hayo si maneno yangu, ni ya kila anayeendesha nje ya lami. Kosa lililotokea ni kwamba kinga nyingi zetu ni za mashindano za zamani, na uma wa mbele haupokei zaidi ya milimita 28. Jozi saba zikaingia, tano zikakataa. Nilipaswa kupima kwanza, nakiri. Lakini fundi wetu naye alikuwepo akayaona, akasema yataingia. Jozi hizo tano ziko sebuleni kwangu nyuma ya kochi. Haziko dukani kwa shemeji yangu. Anayetaka kuziona aje, mke wangu ndiye mwenye hamu kubwa kuliko wote ziondoke.

Vijana wananiambia: lakini Kigali! Ni kweli, Septemba mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, Pogačar wa Slovenia akashinda, nasi tulitazama kwenye simu mpaka vifurushi vikaisha. Ya siasa kati yetu na Rwanda tuwaachie wenyewe. Ila tukumbuke kwamba Kigali walizifunga barabara kwa ajili ya mashindano. Nani atatufungia sisi barabara ya Kasumbalesa siku ya Jumamosi? Na hata njia za changarawe zina mashindano yao ya dunia tangu 2022. Ya 2024 yaliishia Leuven, hukohuko Ubelgiji, akashinda Mathieu van der Poel, na kwa wanawake Marianne Vos. Si mchezo wa wazee walioogopa lori, kama alivyoandika mmoja wetu kwenye WhatsApp saa nne usiku.

Tangu Julai hadi leo, hakuna aliyeumia zaidi ya goti. Huko njiani tunakutana na wabeba makala, yaani makaa ya kupikia, wanaotoka porini usiku, magunia yamepanda juu ya kichwa, wanasukuma zaidi kuliko wanavyoendesha. Kanuni ni moja: wao wanapita, sisi tunaingia majanini. Oktoba mwiba ulimtoboa mwenzetu, na sisi watu 11 wenye kofia na miwani hatukuwa na kiraka hata kimoja. Mbeba makala mmoja akaegemeza mzigo wake kwenye mti, akakata kipande cha mpira wa zamani, akakikwangua kwa jiwe, akapaka gundi, akakibana kwa meno huku anatutazama. Pesa akakataa. Akaomba maji. Nimenunua viraka.

Fedha. Wanachama tulioandikwa ni 64, mchango ni dola 3 kwa mwezi, yaani tulipaswa kupata 2,304. Zimeingia 1,079. Waliomaliza ni 23, walioanza wakaishia njiani 17, na 24 hawajatoa hata franka. Kati ya hao 24 wamo watatu wanaotaka hesabu ya matairi. Zimetoka 1,005: matairi 480, vilio 300, pampu na viraka 95, hospitali 60, na mengineyo 70. Mengineyo ni pamoja na viti hivi. Na salio la mwaka jana 118, sanduku lina dola 192.

Mahudhurio: kiangazi tulifika hata watu 20. Mvua zilipoanza Novemba udongo ukawa gundi, magurudumu yanakataa kuzunguka, nikajikuta na watu wanne, Jumamosi moja na mmoja, naye alikuja kunieleza kwa nini hataendelea.

Mwaka ujao tunatumaini kufungua njia ya pili upande wa Kipopo, kupata akina mama zaidi, na kwenda siku mbili, tukilala porini au kwenye misheni, Mungu akipenda na pesa zikipatikana. Jozi tano tutatafuta wa kuzibadilisha nasi.

Kuhusu uchaguzi wa viongozi wa chama, nitajibu nikiulizwa. Mweka hazina amekaa pale karibu na mlango na daftari lake. Mlango mwingine umefungwa.