Hesabu ya dagaa kabla hujakodi kibanda

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi, wewe na watoto. Umeniuliza kama mtaji wako unatosha kuanza biashara ya dagaa hapa kwenye soko la samaki la Mwaloni. Tupige hesabu kwanza. Bei nilizoweka ni za mfano, wewe utaweka za siku utakayofika.

Anza na kilo zinazouzika. Gunia la kilo 50 kwa 4,000 kila kilo ni 200,000. Dagaa walioanikwa mchangani huja na mchanga wao, na wasiokauka vizuri huendelea kupungua uzito stoo. Ukipepeta, ukatoa waliosagika, ukabaki na kilo 46, basi kilo moja imekugharimu 4,348. Anayeongeza asilimia 10 juu ya ile 4,000 na kuuza 4,400 anabakiwa na shilingi 52, na nauli bado hajalipa.

Hiyo 4,000 nayo usiitoe kwenye bei ya siku moja. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, mzigo unakuwa haba na bei inapanda. Giza likirudi, inashuka. Chukua mzunguko mzima wa mwezi, siku kama 29 na nusu. Ukinunua kilo 400 kwa 3,600 na kilo 100 kwa 5,600, ukijumlisha bei mbili na kugawanya kwa mbili utapata 4,600, na utakuwa umejidanganya. Zidisha kila bei kwa kilo zake, jumlisha, ugawanye kwa 500. Ndiyo 4,000 yetu.

Hapa sasa naomba utulie, maana ndipo wengi wanapozama. Kodi ya kibanda, mlinzi na msaidizi utawalipa hata usipouza. Tuseme 480,000 kwa mwezi. Kwenye 4,348 ongeza 252 za nauli na mifuko, inakuwa 4,600. Ukiuza 5,400, kila kilo inachangia 800, kwa hiyo kilo 600 ni za kurudisha gharama tu; faida inaanzia ya 601. Jirani akishusha hadi 5,000 nawe ukamfuata, mchango unabaki 400 na unatakiwa kuuza kilo 1,200. Bei imeshuka asilimia 7 na ushee, mzigo umekuwa mara mbili! Wateja watajaa, fedha zitapita mkononi kutwa nzima, na mwisho wa mwezi kodi itakosekana. Usishushe bei kabla hujajua hizo kilo 600 za ziada utamuuzia nani.

Kuhusu mkopo: 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi ikikokotolewa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, ni riba ya 288,000 na rejesho la 124,000 kila mwezi. Deni linapungua ila riba haipungui, kwa hiyo ukiipima kwa salio unalodaiwa kweli, ni karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Waulize wazi wakopeshaji wanakokotoa kwa njia ipi. Na rejesho hilo ni fedha ya kutoka kila mwezi kama kodi: 604,000 gawanya kwa 800, kilo 600 zimekuwa 755.

Niandikie mwenye kibanda anataka kodi ya miezi mingapi kwa mkupuo, tuone mtaji utakaobaki unanunua magunia mangapi.

Wako,
Rehema