Kaka, ile santuri ina jina

Kaka,

Simu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza, basi nakuandikia hapa. Watu watasoma, na najua hutakosa wa kukuambia.

Nimeipata ile santuri. Si ya marehemu Baba; ya Baba unajua mwenyewe ilikokwenda, uliiuza pamoja na zake zote siku za matanga. Hii ni nakala nyingine ya zama zilezile, nimeikuta hapa London kwa muuza santuri za zamani, na bei yake peke yake imepita hela aliyokuhesabia yule bwana mlangoni kwa maboksi yote.

Kwanza ujue ina jina. Wewe ulikuwa ukiiita "makelele ya Wahindi". Inaitwa Indo-Jazz Suite, imerekodiwa London mwaka 1965, ya John Mayer na Joe Harriott. Usimtafute Mayer mtandaoni kwa jina tupu, utaletewa yule Mmarekani na gitaa lake. Huyu wa Baba alizaliwa Calcutta, mama Mtamil, baba chotara wa Kihindi na Kizungu, akaja London mwaka 1952 kwa ufadhili kusoma Royal Academy of Music. Alikuwa mtunzi wa muziki wa okestra, na fidla aliipiga London Philharmonic, kisha Royal Philharmonic. Jazi haikuwa fani yake kabisa.

Kisa chake kingekufurahisha, wewe mpenda wajanja. Mtayarishaji Denis Preston alikuwa anatafuta kipande kifupi cha kukamilishia rekodi, akamuuliza Mayer kama anacho. Mayer akasema anacho. Hakuwa nacho! Alikesha usiku ule akakiandika. Baadaye Preston akamsikilizisha Ahmet Ertegun wa kampuni ya Atlantic, naye ndiye aliyetaka itoke santuri nzima ya namna ile. Mayer akaunganishwa na Harriott, Mjamaika wa Kingston aliyelelewa na watawa katika shule ya Alpha, aliyefika Uingereza mwaka 1951 na saksafoni yake.

Wakakaa watano kwa watano. Upande huu saksafoni, tarumbeta, piano, besi na ngoma. Upande ule Mayer mwenyewe, filimbi, sitari ya Diwan Motihar na tambura, ala za nyuzi za Kihindi, na tabla ya Keshav Sathe. Sehemu kubwa Mayer alikwisha iandika, na palipoachwa wazi pa mtu kubuni papo hapo, palikuwa na mipaka: noti za raga, ule mpangilio wa sauti wa muziki wa Kihindi, ni hizi, na hesabu ya mapigo ni hii. Sasa fikiria Harriott, ambaye miaka michache nyuma ndiye aliyekuwa akivunja kanuni zote za jazi hapa Uingereza, leo anaambiwa asitoke nje ya mstari. Husikii mtu aliyefungwa, Kaka. Unasikia mtu anayebanwa na huku anapiga kwa uchungu zaidi.

Na kile kipande cha Raga Megha, unakikumbuka, kile Baba alichokuwa akituamrisha tunyamaze. Megha ni raga ya mvua. Ndiyo maana alikiweka ikinyesha tu, sisi tukadhani ni vituko vya uzee. Na Birmingham mvua ilikuwa haimwishii. Mtu wa Mombasa yule, aliyekulia tabla za taarabu na sauti ya Juma Bhalo akiimba kwa mahadhi ya Kihindi. Jazi ndiyo iliyomfuata kwao, wala si yeye aliyeifuata. Angekueleza kama ungemuuliza.

Hapo ndipo nisipoweza kupasahau. Siku ya tatu ya matanga, shangazi wako jikoni, sufuria la pilau bado halijaoshwa, na wewe umesimama mlangoni na mtu hata jina hukumjua, unamwambia, "Beba zote, kaka, hapa zinajaza nafasi tu." Nikasema niachie hii moja. Unakumbuka ulivyonijibu? Ulinijibu mbele ya wote: "Wewe ulikuwa wapi alipokuwa anaumwa?" Shangazi akainamisha kichwa. Yule bwana akapita katikati yetu na boksi kifuani, akasema samahani.

Sikatai kwamba wewe ndiye uliyemwogesha na kumpeleka hospitali usiku. Mungu akulipe, nasema kwa moyo. Ile miezi ya mwisho ulikonda mpaka nguo zikakupwaya, na hukumlalamikia mtu. Lakini nikushauri kama mdogo wako: mali ya marehemu haigawiwi na mtu mmoja kwa sababu tu funguo anazo yeye. Warithi huitwa, wakakaa, wakaulizwa. Na anayeuguza hapati haki ya kuwanyamazisha wengine. Mimi nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee wa watu, nikiwageuza na kuwalisha ili kodi ya ile ile nyumba ya Baba ilipwe, maana duka lako lilikuwa limefungwa na wewe unajua nani alikuwa akiziba pengo. Kila mwisho wa mwezi. Shangazi anajua, muulize. Kwa hiyo nilikuwa wapi? Nilikuwa nalipia kiti ulichokalia ukimwuguza.

Haya, nimeshasema, tuyaache.

Baba alikuwa akimtaja Harriott kama mtu wa mtaani kwake. Harriott alifariki Southampton mwaka 1973, maskini, hajafika hata miaka hamsini. Mayer alidumu, akafundisha muziki hapo hapo Birmingham na kuifufua bendi miaka ya tisini, kisha akagongwa na gari London mwaka 2004. Santuri zao ziliachwa kwa miaka mingi, leo watu wanazigombania. Aliyebeba maboksi yetu alilijua hilo, ndiyo maana hakubishana bei.

Shangazi ananiambia utakuja harusini Jumamosi. Njoo, nimekuhifadhia nafasi kwenye gari. Lakini ile nakala ya Baba ina jina lake nyuma ya jalada kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono wake, na ndiyo ninayoitaka, hii nitaiuza. Namba ya yule bwana uliiandika nyuma ya bahasha ya rambirambi ya watu wa msikitini, nilikuona. Nitumie.