Barua ya malalamiko: tuhamishieni eSIM kama mlivyoahidi

Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

YAH: KUCHELEWA KWA HUDUMA YA MTEJA KUHAMISHA eSIM MWENYEWE

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni mafundi na wauza simu wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Mlipoanza kutoa eSIM, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi ya plastiki, mlitangaza kwamba mteja akibadilisha simu ataihamisha mwenyewe kupitia programu yenu. Tangazo hilo lilisema "hivi karibuni", baadaye likawa "katika maboresho yajayo", na sasa kitufe chenyewe kimeondolewa kwenye programu bila neno lolote. eSIM mnaendelea kuuza. Hatuilalamikii eSIM, tunalalamika kwamba mmetuuzia nyumba yenye mlango wa kuingilia tu.

Laini ya plastiki kuhama ni kazi ya pini. Kioo kikifa, simu ikiingia maji, bodi ikiungua, laini inachomolewa, inawekwa kwenye kitochi, namba inapatikana na pesa ziko palepale. eSIM haiko hivyo. Profaili, yaani taarifa za laini yenyewe, hushushwa kutoka kwenye seva yenu ya kutolea eSIM (SM-DP+) na kukaa ndani ya chipu iliyochomelewa kwenye bodi ya simu. Ikishashuka, seva inaiandika kuwa imesakinishwa, na kwa mpangilio wenu msimbo ule wa QR hautumiki tena. Kwa hiyo karatasi mnayomchapishia mteja dukani haina kazi baada ya siku ya kwanza, ingawa wahudumu wenu humsisitiza aitunze. Naye anaitunza kweli, pamoja na vyeti vya shule. Siku anayonunua simu nyingine anaiskani na kuambiwa msimbo si halali.

Kuna wakati jambo hili liliwagusa wachache. Sasa sivyo. iPhone 14 za soko la Marekani, zilizotoka mwaka 2022, hazina tundu la laini kabisa. Mwaka 2025 iPhone 17 zikaja hivyohivyo kwa masoko ya Oman, Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain, na iPhone Air haina tundu popote ilipouzwa. Mzigo wa Dubai ndio unaojaza maduka ya Kariakoo na ya Darajani, Unguja. Mteja wa simu hizo hana pa kurudia plastiki. Upande wa pili ni simu zenye herufi CH/A mwishoni mwa namba ya modeli, za China bara: nyingi zinachukua laini mbili za plastiki na hazina eSIM. Anayetoka kwenye simu ya Marekani kwenda kwenye hiyo hata karatasi mpya haimsaidii. Anahitaji kurudishiwa plastiki, na hilo nalo programu yenu haina.

Yanayokwama ni yaleyale kila mara, na kila moja lina sababu yake.

Bodi ikibadilishwa, EID inabadilika. Hiyo ndiyo namba ya tarakimu 32 inayoonekana ukipiga *#06#, na ndiyo utambulisho wa chipu. Kwa nje simu ni ileile, kwa seva ni simu ngeni. Wahudumu wenu wengi hawalijui hili. Humwambia mteja "simu yako ina matatizo" na kumrudisha kwa fundi.

Simu ikifutwa, hatari iko kwenye swali moja. iPhone huuliza kama eSIM ibaki au ifutwe pamoja na data. Kwenye Android ni kisanduku cha kuweka alama. Mtu anayeuza simu yake anafuta kila kitu, jambo la busara kabisa, na namba inaondoka nayo.

Kioo kikifa kabisa, hakuna cha kubonyeza wala cha kuchomoa. Hapo mteja hana njia nyingine ila duka lenu, na si kila duka. Wakala wenu wa mtaani ana kifaa cha alama za vidole na anasajili laini ya plastiki kwa namba ya NIDA kwa dakika chache, lakini hawezi kutoa msimbo wa eSIM. Mteja wa Mafia anavuka kwa boti hadi Nyamisati, kisha anatafuta gari, kwa ajili ya picha ya mraba yenye vidoti.

Akifika, mfumo wenu unamhesabu kama aliyepoteza laini. Analipishwa ada ileile ya kurudisha laini wakati hakuna plastiki aliyopewa. Akaunti ya pesa inafungwa mpaka mhudumu mwingine aifungue. Kwa mtu wa kawaida ni usumbufu. Kwa anayepokea malipo ya duka kwa namba hiyo, biashara imesimama. Kibaya zaidi ni mpangilio wa hatua zenyewe: profaili ya zamani mnaizima pale msimbo mpya unapochapishwa, kabla simu mpya haijashusha chochote. Kushusha kunahitaji intaneti, mteja hana laini inayofanya kazi, na maduka yenu mengi hayana Wi-Fi ya wateja. Anaomba hotspot kwa aliye nyuma yake kwenye foleni. Ikikatika katikati, hana namba ya zamani wala mpya. Seva hupata taarifa simu inapomaliza kusakinisha. Agizo la kuzima ya zamani lisubiri taarifa hiyo. Hapa hatuombi teknolojia mpya, tunaomba hatua mbili zibadilishane nafasi.

Tunajua jibu la kwanza litakuwa usalama. Wizi wa kurudisha laini ya mtu mwingine upo, na umewamaliza watu akiba zao. Lakini wizi huo hupitia kaunta: kitambulisho cha kughushi, au wakala asiye mwaminifu. Kuhamisha kutoka simu hadi simu kunataka simu ya zamani iwe mkononi, imefunguliwa kwa nywila ya mwenyewe, na simu zote mbili ziwe karibu. Mwizi mwenye vyote hivyo angekuwa ameshaichomoa plastiki zamani. Kama bado mna wasiwasi, ombeni namba ya siri ya pesa kabla ya kuhamisha, na zuieni kutuma pesa kwa saa 24 huku kupokea kukiendelea. Hilo mteja atalielewa. Kufungiwa kila kitu halielewi, na sisi hatuna namna ya kumweleza.

Jibu la pili litakuwa kwamba mnasubiri watengenezaji wa simu. Hapo mna haki nusu. Kwenye iPhone mbili zenye iOS 16 au zaidi, Bluetooth ikiwa imewashwa, mteja huingia Settings, Cellular, Add eSIM, kisha Transfer From Nearby iPhone. Kwa laini yenu safari inaishia kwenye ujumbe wa kumtaka awasiliane na kampuni ya simu. Ili ipite, inabidi muunganishe seva ya idhini kwa utaratibu wa TS.43 wa GSMA, chama cha dunia cha kampuni za simu, na mkubaliane na Apple. Hiyo ni mikataba na majaribio. Tunakubali haifanyiki kwa wiki moja.

Ila kutoa msimbo mpya ndani ya programu yenu hakumhitaji mtu yeyote wa nje. Seva mnayo, na wateja mmewathibitisha kwa alama za vidole tangu usajili ule uliofanya laini zianze kuzimwa Januari 2020. Wala mteja hahitaji simu ya pili ya kuonyeshea QR: tangu iOS 17.4 kiungo cha usakinishaji hufunguka ndani ya simu hiyohiyo. Kwa simu za zamani zaidi, mwonyesheni maandishi yenyewe yanayoanza na LPA:1$, ili anwani ya seva na msimbo wa kuwezesha aviingize kwa mkono. Tafadhali msiendelee kutuma namba ya uthibitisho kwa SMS kwenye laini ileile iliyozimika, kama programu yenu inavyofanya sasa kila mteja anapojaribu kuingia kwenye simu mpya akiwa kwenye Wi-Fi. Tumieni namba ya siri, au alama ya kidole kwa wakala.

Tunaomba yafuatayo kwa maandishi: tarehe ya kuwasha huduma hii kwenye programu; kabla ya tarehe hiyo, mawakala wenye vifaa vya vidole waruhusiwe kutoa msimbo wa eSIM na kurudisha eSIM kuwa plastiki; ada ya kurudisha laini iondolewe kwa anayehamisha eSIM iliyo hai; na wahudumu wafundishwe kwamba bodi mpya maana yake ni EID mpya.

Mpaka mtakapojibu, kila mteja anayenunua simu yenye tundu tutaendelea kumshauri namba ya pesa ibaki kwenye plastiki, eSIM aiweke namba ya bando tu. Kwa asiye na tundu, tunamwonyesha kwanza mitandao mingine inayomhudumia kwa simu. Kwa kuwa utaratibu unataka mtoa huduma apewe nafasi ya kujibu kwanza, nakala zilizo chini ni za taarifa. Majibu yasipofika au yasiporidhisha, tutafungua lalamiko rasmi TCRA.

Wenu katika kazi,

Mafundi na Wauza Simu,
Mtaa wa Aggrey, Kariakoo.

Nakala:
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)
Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano