Chemshabongo ya tarakimu tisa isibahatishwe

Mhariri,

Naomba nafasi kuhusu fumbo hili zuri: panga tarakimu 1 hadi 9, kila moja mara moja, ili mbili za mwanzo ziunde namba inayogawanyika kwa 2, tatu za mwanzo kwa 3, hivyo hivyo hadi 9.

Wengi hubahatisha, ilhali mipangilio ni 362,880! Anzeni katikati. Nafasi ya tano ni 5. Nafasi shufwa huchukua tarakimu shufwa. Ya nne, kwa kuwa hutanguliwa na witiri, ni 2 au 6. Jumla ya nafasi ya 4 hadi 6 lazima igawanyike kwa 3, basi ni 258 au 654 tu.

Kinachoangusha watu ni 7. Haina mkato mwepesi, nao huiruka. Gawanyeni kwa mkono: hubaki 381654729 peke yake.

Mpenzi wa hesabu