Mabango matatu ya mlangoni

Fort Worth, Texas
Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Nimefurahi kusikia mkataba wa pango umeshatiwa saini na jiko limepita ukaguzi. Houston kuna watu wetu wengi, na mahali penye pilau ya kweli na mishikaki ya mkaa hapatakosa wateja. Hongera wewe na shemeji Athman. Huku hatujambo, mama magoti yanamsumbua kidogo lakini anatembea.

Sasa lile swali lako. Umeniuliza kama ubandike mabango ya kukataza wateja kuingia na bastola, na umeniambia shemeji hataki hata kusikia. Mimi nasema bandika. Bandika yote matatu, na usifanye hivyo kwa kudhani kwamba yatamzuia muuaji, maana hayatamzuia.

Nianze na sheria, kwa sababu Texas wameifanya ngumu kuliko inavyostahili. Kile kibango kidogo cha duara jekundu chenye picha ya bastola iliyopigwa mstari, ambacho kule Illinois kinatosha, hapa hakimfungi mtu mwenye leseni. Hapa wanataka maneno, tena maneno yaleyale yaliyoandikwa kwenye sheria. Kifungu 30.06 kinamhusu mwenye leseni anayeficha bastola mwilini. Kifungu 30.07 ni cha mwenye leseni anayeibeba waziwazi, jambo lililoruhusiwa tangu Januari 2016. Kifungu 30.05 ni cha asiye na leseni, kwani tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mwenye miaka 21 na zaidi, kama sheria haimkatazi kumiliki silaha, anaweza kutembea na bastola bila leseni yoyote. Ukibandika 30.07 peke yake umewakataza wanaoionyesha tu, na mwenye nayo chini ya shati anaingia kihalali. Maduka ya vyakula ya H-E-B yamechagua kumkataza anayeionyesha na kumruhusu mwenye leseni aliyeificha. Ni uamuzi wa biashara, nauelewa, ila kwangu hautoshi, kwa sababu mimi sihofii kuiona bastola. Nahofia iwepo.

Maneno yawe kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue inchi moja kwenda juu, rangi ionekane vizuri, na bango liwepo kwenye kila mlango wa kuingilia. Mteja akilipita bango lako, faini yake haizidi dola 200. Lakini ukimwambia kwa mdomo wako atoke akakataa, kosa linapanda daraja na anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Kwa hiyo neno lako pale mlangoni lina uzito kuliko karatasi. (Kule Minnesota kwa binamu yako, anayekataa kutoka faini yake ya mara ya kwanza haizidi dola 25. Bora hata sisi.)

Najua shemeji atasema nini, kwa sababu ulinieleza. Yeye alikuwa Nairobi tarehe 21 Septemba 2013, siku magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate. Watu wasiopungua 67 waliuawa, na kabla vikosi vya serikali havijajipanga, raia wenye leseni waliingia ndani na bastola zao wakiwa na askari wachache waliovaa kiraia, wakawatoa watu. Abdul Haji alikuwa mmoja wao. Mtu aliyeona hayo kwa macho yake ukimwambia bastola ya raia haina faida atakuona hujui unachosema, na atakuwa na haki.

Wana Texas nao wana Westgate yao. Tarehe 16 Oktoba 1991, mjini Killeen, mtu aliligonga dirisha la mgahawa wa Luby's kwa gari lake, akashuka na kuua watu 23. Suzanna Hupp alikuwa mezani na wazazi wake. Bastola yake alikuwa ameiacha garini, kwa sababu sheria ya wakati ule ilimkataza kuibeba kwa kuificha. Baba yake alimrukia muuaji akapigwa risasi. Mama yake hakukubali kumwacha mumewe, akauawa pale pale. Suzanna alisimama mbele ya wabunge akaeleza, na mwaka 1995 gavana George W. Bush akatia saini sheria ya kuruhusu watu wenye leseni kubeba bastola zilizofichwa. Sitathubutu kumwambia Suzanna Hupp kwamba uchungu wake si hoja.

Lakini mwambie shemeji aangalie pia ni nani hasa anayefanikiwa siku hiyo ikifika. Hapa jirani yangu, White Settlement, tarehe 29 Desemba 2019, mtu alifyatua bunduki kanisani wakati wa ibada akaua wawili. Jack Wilson alimwangusha kwa risasi moja, yote hayo yasimalize sekunde kumi. Wilson alikuwa mwalimu wa kulenga shabaha na ndiye aliyekuwa mkuu wa ulinzi wa kanisa lile. Alijulikana, alikuwa na kazi pale, na wenzake walijua bastola iko kwa nani. Mteja aliyeingia kwako kununua sambusa humjui. Hujui amefundishwa wapi, amelala saa ngapi, wala amegombana na nani asubuhi.

Na polisi wakifika nao hawamjui. Mwaka 2021 kule Arvada, Colorado, Johnny Hurley alimpiga risasi mtu aliyekuwa ametoka kumuua askari. Hurley akaiokota bunduki ya muuaji, polisi akafika, akamwona mtu ameshika bunduki, akampiga Hurley akafa. Aliokoa watu akauawa na waliokuja kuokoa. Miaka mitatu kabla, usiku wa sikukuu ya Thanksgiving, kwenye jengo la maduka la Riverchase Galleria kule Hoover, Alabama, risasi zililia na polisi akamuua Emantic Bradford, kijana mweusi wa miaka 21 aliyekuwa na bastola yake mkononi, wakadhani ndiye mpigaji. Hakuwa yeye. Zuhura, wateja wako wengi ni vijana wa rangi yetu. Siku ya vurugu, kijana wetu mwenye bastola mkononi ataonekana nani?

Hayo yote ni ya siku ambayo Inshallah haitafika. Mimi ninachokiogopa ni cha siku za kawaida. Nilipokuwa nafanya kazi kwenye mgahawa mmoja Dallas, kabla sijafungua wangu, mteja aliingia chooni, akavua mkanda, akaiweka bastola juu ya tangi la maji, akamaliza haja zake, akanawa, akaenda zake. Aliyeiona ni mtoto wa miaka saba hivi. Alhamdulillahi hakuishika. Alitoka akamwambia mama yake kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba chooni kuna bunduki. Mama yule aliangusha sahani. Mwenye bastola alirudi baada ya muda akaichukua, akasema samahani, na hakuonekana kuwa mtu mbaya. Alisahau tu, kama watu wanavyosahau miwani. Basi hiyo ndiyo hofu yangu, mtu mwema aliyesahau. Na yule anayegombania nafasi ya kuegesha gari, na yule anayemkuta mtalaka wake amekaa meza ya pembeni na mwanamume mwingine. Kwa hao bango lina kazi, kwa sababu wengi wao ni watu wanaotii sheria. Wakisoma wanarudi garini kuiweka, wanaingia, wanakula, wanalipa.

Shemeji amesema pia kwamba bango litawaambia majambazi kuwa ndani hakuna silaha. Hapana. Mabango yale yanawakataza wateja, hayamkatazi mwenye mahali. Kwenye biashara yake mwenyewe, sheria ya Texas inamruhusu kuwa na bastola, na jambazi hajui kilichopo nyuma ya kaunta.

Ila hapo kwenye bastola ya kaunta nakuomba umsikilizishe kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Yule mtoto wa dada yake anayekuja kukusaidia wikiendi yuko na viza ya masomo. Sheria ya nchi nzima, si ya Texas tu, inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki silaha au risasi, isipokuwa kwa hali chache kama mwenye leseni ya uwindaji. Sheria hiyo haiangalii kununua peke yake, inaangalia kuwa nayo mkononi au chini ya himaya yako. Bastola iliyolala kwenye droo ambayo kijana anaifungua kutoa chenji, anayeweza kuja kujieleza ni yeye. Nyinyi wenye kadi ya kijani mnaruhusiwa kumiliki, lakini kosa la silaha likithibitishwa mahakamani linaweza kukurudisha Tanga hata kama umekaa hapa miaka ishirini. Na anayevuta bhangi, maandishi ya sheria hiyo yanamkataza vilevile. Kama shemeji anashikilia awe nayo, basi iwe kwenye sefu yenye namba, namba aijue yeye, na kijana asiiguse hata kwa kutumwa.

Umeniambia jambo lingine ambalo naona ndilo linalokusumbua zaidi: kwamba wewe ni Mwafrika, unavaa mtandio, lafudhi yako inasikika, na utaonekana mgeni anayewafundisha Wamarekani namna ya kuishi. Naielewa hofu hiyo. Mimi nilikuwa nayo. Lakini hebu fikiria mabango hayo yametoka wapi. Hayakuletwa na wageni. Kifungu 30.06 kilipitishwa mwaka 1997 na bunge lilelile la Texas, miaka miwili tu baada ya kuruhusu bastola. Watu hawa wanaipenda silaha, ndiyo, lakini mwenye mali kuamua nani aingie kwake ni jambo wanaloliheshimu kwa nguvu zilezile. Wateja wangu wazungu wenye malori makubwa ndio wepesi kuelewa. Mzee mmoja husoma bango, hugeuka bila neno, hurudi mikono mitupu na kuagiza biriani yake. Siku moja aliniambia kwamba hata nyumbani kwake wageni huacha bastola zao kwenye gari.

Utasikia pia habari za Hawaii. Kule mwaka 2023 walipitisha sheria kwamba mtu asiingie na bastola kwenye biashara ya mtu mpaka mwenyewe aseme ndiyo, na Oktoba 2025 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kuisikiliza kesi yake. Usitishike. Kilichobishaniwa ni mwenye mahali akinyamaza, ukimya wake uhesabiwe ruhusa au katazo. Haki yako ya kusema hapana hakuna anayeibisha, hata hao walioshtaki. Ila Texas ukinyamaza umeruhusu, kwa hiyo usinyamaze.

Lipo moja sina jibu lake zuri. Bastola inayorudishwa garini inaweza kuibiwa garini, na wezi wa kuvunja vioo vya magari Houston unawajua. Nilichofanya mimi ni kumbana mwenye jengo aweke taa kali kwenye maegesho, na kamera moja nimenunua mwenyewe. Haitoshi, lakini ndicho kilichokuwa ndani ya uwezo wangu.

Wahudumu wako wafundishe mapema. Binti wa miaka 19 asitumwe kumkabili mwanamume mwenye bastola. Akiona, aje akuite wewe au shemeji. Nenda mezani taratibu, inama kidogo, sema kwa sauti ambayo meza ya pili haisikii: karibu sana, lakini hapa haturuhusu silaha, tafadhali iweke garini nami chakula chako nitakitunza kiwe moto. Wengi huomba radhi na kusimama. Akikataa, usibishane naye hata neno moja. Rudi jikoni, piga 911 uwaite polisi, na wateja wengine waendelee kuhudumiwa kama kawaida.

Kabla ya kubandika, usome tena mkataba wako wa pango, kwa sababu baadhi ya wenye majengo wana masharti yao kuhusu kinachobandikwa kwenye vioo. Kisha nipimie upana wa mlango wa mbele na ule wa upande wa maegesho. Fundi aliyenichapia mimi anajua maneno yote ya Kiingereza na Kihispania, na ana ile plastiki nyeupe isiyopauka na jua. Ukinitumia vipimo kabla ya Alhamisi, yatakufikia kabla ya siku ya kufungua. Gharama niachie mimi, iwe zawadi yangu ya mgahawa.

Mbusu Mwanaidi na mdogo wake. Shemeji mwambie nikija tutabishana uso kwa uso, na biriani iwe ya mbuzi.

Wako akupendaye,
Rukia